Bila Tone la Mafuta

Machi 7

Mvua imeanza kweli leo, na kazi yangu imekufa. Ukuta wa nje niliokuwa nimeupaka asubuhi umelowa wote, rangi ikateremka hadi kwenye maua kama makamasi ya mtoto. Mwenye nyumba akatoka na mwavuli, akautazama ukuta, akanitazama na mimi, akasema, "Fundi, tuonane mvua zikiisha." Nimekusanya ndoo zangu nikaondoka. Hata harufu ya rangi imenikinaisha.

Nyumbani nimemkuta mama watoto amejikunja kitandani, mkono ameubana chini ya mbavu za kulia, jasho linamtiririka na huku kuna baridi. Anasema ni gesi. Gesi gani hii inayomliza mtu mzima? Kesho namburuta hospitali, atake asitake.

Machi 8

Si gesi, ni mawe. Daktari ametuchorea kwenye karatasi kitu kama pera dogo, akasema hicho ndicho kifuko cha nyongo, kisha akatia vinukta ndani. Kila mke wangu akila mafuta, kifuko kinajikamua, na mawe yanabanwa humo humo. Siku jiwe moja likiponyoka likaziba mrija, macho yake yatageuka manjano. "Ikifika hapo hatutibu tena," amesema, "tunaokoa." Nafasi ya kumpasua ipo mwisho wa Mei, maana mpasuaji ni mmoja na foleni haina mwisho. Mpaka siku hiyo, mafuta marufuku.

"Nyumbani anapika nani?" akauliza.

"Mimi," mke wangu akajibu.

"Kuanzia leo napika mimi," nikasema.

Daktari akazitazama kucha zangu zilizojaa rangi. Najua alichokuwa anafikiri. Maisha yangu yote sijapika zaidi ya chai. Lakini mke ninaye huyu, na mwingine simtaki.

Machi 9

Nani aliyeumba ngozi ya kuku? Nimeivua yote kwa mikono yangu miwili, inateleza, ina vipele, chini yake kuna mafuta ya njano yanayoganda kwenye vidole na hayatoki hata kwa sabuni. Nilisimama juu ya ndoo ya taka nusu nitapike. Kisha nikamchemsha kuku na karoti na chumvi. Akatoka mweupe, kajikunyata, kama mtu aliyekaa majini kutwa.

Binti yangu mkubwa, ambaye tunamwita Hakimu kwa sababu hakuna kitu asichokitolea hukumu, akachukua kijiko, akaonja, akakirudisha. "Baba," akasema, "huyu kuku kafa mara mbili."

Mama watoto alikula akamaliza sahani, akaniambia ahsante. Ndiyo maana nimeumia zaidi.

Machi 10

Maharage ya kuchemsha. Mvua.

Machi 11

Maharage yale yale. Mvua ile ile.

Machi 14

Samaki wa kuchemsha. Jicho lake lilitoka likawa linaelea juu ya supu, linanitazama. Kitinda mimba wetu akalia, akakataa kukaa mezani. Nyumba nzima inanuka shombo, na madirisha hayafunguliki kwa mvua. Ukutani sebuleni kumeota ukungu mweusi, ukuta nilioupaka mwenyewe mwaka juzi. Fundi rangi ninaishi kwenye ukungu, fundi rangi napika chakula kisicho na rangi. Nimekula nimefumba macho.

Mke wangu anarudi kutoka kiwanda cha nguo amechoka, anakaa, anakula kila ninachompa kama mfungwa. Heri angenitukana.

Machi 18

Nimepata dawa.

Nilikuwa sokoni nanunua mboga za majani, mwenye genge akaniona nimekunja uso, akauliza kuna nini. Nikamweleza. Akacheka, akaniambia, "Si uunge kwa karanga tu? Hutahitaji mafuta hata kidogo." Nikasimama pale na mvua inaninyeshea, nikajiona mjinga wa mwisho. Karanga ni mbegu. Inaota ardhini. Ina uhusiano gani na mafuta?

Nimezitwanga mwenyewe kwenye kinu, nikazimimina kwenye mboga, nikakoroga mpaka ikawa nzito. Hakimu alilamba sahani. Kitinda aliomba nyingine. Mama watoto alicheka kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze, akasema, "Kumbe nimeolewa na mpishi." Na tone la mafuta halikuingia.

Machi 19

Mboga za karanga.

Machi 20

Karanga kwenye maharage. Safi sana.

Machi 22

Mama mkwe amekuja. Amesikia mwanawe anaumwa, akafunga virago. Nilimpokea mzigo mlangoni, nikaamkia, "Shikamoo mama," akaitika, "Marahaba mkwe wangu," macho chini, mimi nami macho chini, kama ilivyo kati yetu siku zote. Tangu nimwoe binti yake sidhani kama tumewahi kuzungumza zaidi ya hali ya hewa. Ni mama mwenye adabu, sina la kusema. Analala chumba kimoja na Hakimu.

Lakini alipomwona mwanawe alishika kichwa. "Mwanangu umebaki macho. Wanakulisha nini hapa?" Hakusema na mimi, alisema na ukuta. Na ndani ya mzigo wake, nililiona kwa macho yangu, kuna kopo la samli. Kubwa.

Machi 25

Shemeji yangu, kaka wa mama watoto, mwenye bucha, naye ametuma nyama. Zawadi ya mgonjwa. Kipande kizima kimefunikwa mafuta meupe, manene kama godoro. Nimekaa na kisu kuyakata moja moja, yananing'inia, yananata kwenye ubao, inzi wanaimba. Watu hawa wote wanampenda mke wangu na wote wanataka kumuua.

Machi 30

Maumivu yamerudi. Si makali, alijikunja kidogo baada ya chakula cha mchana, yakapita. Amesema labda ni uchovu.

Uchovu? Mimi nimepika bila mafuta. Nimesimama jikoni tangu asubuhi, nimetwanga karanga mpaka mikono inauma, sikuweka hata tone. Basi mafuta yametoka wapi?

Aprili 2

Nyumba inanuka samli. Asubuhi hasa, korido ile ya kwenda chumbani kwa mama mkwe. Ni harufu nzito, tamu tamu, inanikaa kooni. Nikipita hapo naziba pua.

Aprili 4

Karanga. Mvua. Maumivu kidogo.

Aprili 6

Leo Hakimu kaja jikoni nikiwa natwanga, akaegemea mlango. "Baba, lakini mafuta ya kupikia si yanatoka kwenye mbegu?"

Nikamwambia, "Maziwa yanatoka kwa ng'ombe, na viatu vinatoka kwa ng'ombe. Ukinywa maziwa umekunywa viatu?"

Akaondoka bila kutoa hukumu. Mara ya kwanza katika maisha yake. Nikacheka peke yangu mpaka nikamaliza kutwanga.

Aprili 9

Nimeingia chumbani kwao wakati hawapo. Najua si adabu, chumba anacholala mama mkwe si mahali pa mkwe kuingiza mguu. Lakini niliingia. Kopo lipo chini ya kitanda, na limepungua. Limepungua sana. Kuna alama za vidole kwenye samli, vidole vitatu, vimekwangua mpaka karibu na chini.

Hakuna anayepika humu ndani ila mimi. Hakuna aliyeomba samli. Nimerudi jikoni nikaosha mikono, nikarudia kuiosha, na bado nilihisi inateleza.

Aprili 10

Mke wangu amelia kwa maumivu. Nilimshikia beseni akatapika, maji ya kijani, machungu, yenye harufu ya betri ya gari. Mama yake alikuwa anamfuta uso kwa kitambaa na kumwimbia taratibu kama mtoto mchanga. Namtazama yule mama nasema moyoni, ni wewe. Unamlisha kisirisiri, kisha unamfuta matapishi. Sijawahi kumchukia mtu mzima hivi. Sikulala vizuri.

Aprili 13

Nimeyasema.

Mke wangu alikuwa kiwandani. Shemeji alikuwa ameleta nyama nyingine, kipande kingine cha mafuta kimefungwa kwenye gazeti linalovuja, na majirani wawili, wanawake, walikuwa wamejibanza barazani kwetu kusubiri mvua ipungue. Mama mkwe alikuwa anachambua mchele. Nikaona lile gazeti linavyovuja, nikasikia ile harufu ya samli inatoka kwenye nguo zake, na kitu kikakatika.

Nikaenda chumbani, nikalitoa kopo, nikaliweka sakafuni mbele yake.

"Mama," nikasema, "hili linaisha vipi?"

Akalitazama. Akajifunika khanga vizuri miguuni.

"Daktari kasema mafuta yatamuua. Mimi najinyima, watoto wanajinyima, tunakula vitu hata mbwa hali. Na wewe unamlisha mwanao samli kwa vidole. Unataka nimzike?"

Shemeji akasema, "Ebu, ebu, taratibu." Wale wanawake barazani waligeuka. Mama mkwe alikuwa bado anatazama mchele wake. Nilisubiri akane. Mtu asiye na hatia hukana. Yeye akasema tu, "Mkwe wangu, unayonisema ni makubwa," akanyanyuka, akaingia ndani kufunga virago.

Shemeji ndiye aliyempeleka kwake, kwenye nyumba iliyo nyuma ya bucha, na mvua inapiga. Hakuniaga. Lile kopo kaliacha pale pale sakafuni na nimelitupa mimi mwenyewe, nimelishika kwa mfuko wa plastiki.

Hakimu aliporudi kutoka shule alisikia. Akaniambia, "Bibi hakumpa mama samli."

"Ulikuwa unamlinda?"

"Kuna mambo bibi alinikataza kukwambia."

"Basi umemaliza," nikamwambia. "Ushahidi ndio huo." Akaingia chumbani akafunga mlango.

Mama watoto nimemwambia mama yake ameitwa na shemeji, mke wa shemeji anahitaji msaada na watoto. Ameinamisha kichwa. "Hata kuniaga?" akauliza. Nikasema alikuwa na haraka.

Aprili 14

Hakimu hasemi na mimi. Mboga za karanga.

Aprili 17

Kimya nyumbani. Hewa imekuwa safi, hakuna harufu ya samli. Nimeshinda, basi. Mbona sijisikii nimeshinda? Mke wangu anakula kidogo, anamuuliza Kitinda kama bibi amepiga simu. Ili kumchangamsha, kesho nitapika wali kwa tui la nazi. Nazi ni tunda, linaning'inia mtini, kila mtu analiona.

Aprili 18

Wali wa nazi, mboga za karanga. Amekula sahani mbili. Moyo wangu umetulia.

Aprili 20

Naandika kwenye benchi la hospitali, suruali imelowa, na sijui kama nina mke.

Mchana alipomaliza kula alisimama kutoa sahani, akaanguka nayo. Akajikunja sakafuni katikati ya vipande vya sahani na wali, akawa anaguna, halii tena, anaguna tu. Nilimwinua uso nikamtazama machoni, na weupe wa macho ulikuwa wa manjano. Manjano kama rangi ninayowapakia watu kwenye vyumba vya watoto. Hakimu alikimbia na mvua mpaka barabarani kusimamisha gari.

Wamemlaza. Muuguzi akaja na kalamu.

"Leo mgonjwa amekula nini?"

"Wali wa nazi. Mboga za karanga."

"Jana?"

"Maharage ya nazi. Na karanga."

Akaacha kuandika. "Juzi?"

"Karanga. Lakini sista, sikuweka hata tone la mafuta, tangu mwezi wa tatu..."

"Baba," akasema, sauti yake ya kawaida kabisa, hakunifokea, "karanga ukizikamua zinatoa nini?"

Naijua ile chupa. Nimeinunua miaka mingi dukani, chupa ya mafuta ya kupikia yenye karanga zimechorwa mbele. Naijua. Muuguzi akanieleza polepole, kama anavyoelezwa mtoto, kwamba nazi vilevile, na kwamba ngozi ya kuku niliyoivua kwa kinyaa chote kile haikuwa na mafuta kama kinu kimoja cha karanga zangu.

Nimeenda chooni nikatapika. Nimejitazama kwenye kioo pale, uso huu, mdomo huu uliomsema mama wa watu, na nimejichukia kuliko nilivyochukia kitu chochote jikoni.

Aprili 20, jioni

Kabla hawajampeleka kupasuliwa waliniruhusu kumwona. Mkono wake ulikuwa wa moto. Alisema, "Mwite mama." Nikasema nitamwita. Akavuta pumzi. "Mwambie asije na mvua hii kabla hajapaka samli miguuni. Ile baridi yabisi yake, akilowa hatembei tena. Na usimwambie kwamba nimekwambia. Anaona haya mkwe ajue habari za miguu yake."

Wakamsukuma wakaingia naye.

Vidole vitatu kwenye kopo. Khanga aliyoivuta kufunika miguu. Nilikuwa nimemshutumu mbele ya watu, na jibu lilikuwa kwenye magoti yake, na angekufa kuliko kulitoa mbele yangu. Na hata kwa mwanawe hakunishtaki.

Aprili 21

Ametoka salama. Jiwe lilikuwa limeziba kweli. Muuguzi alinionyesha mawe yote kwenye kichupa, ya kijani iliyokolea, yanang'aa, kama kitu kilichotapikwa na chura. Nilimwomba ayaondoe.

Yuko hai. Naandika tena nijisomee: yuko hai.

Aprili 22

Nimekwenda nyuma ya bucha. Shemeji alikuwa anakata mifupa, akanitazama, akaendelea kukata. Mama mkwe alikuwa kwenye kigoda, miguu ameifunika blanketi. Nikaamkia. Akaitika vilevile kama siku zote, "Marahaba mkwe wangu, hujambo?" Hakuna kilichobadilika kwenye sauti yake, na hicho ndicho kilichonimaliza.

Nikapiga magoti kwenye sakafu ile yenye maji ya damu. Nikamwambia yote. Karanga, nazi, muuguzi, macho ya manjano. Nikasema samli haikuwa na hatia na wala yeye. Habari za miguu sikuzigusa.

Akauliza, "Mwanangu anaendeleaje?"

"Amefumbua macho. Anakuulizia."

"Nitakuja." Kisha akasema, bado macho chini, "Mkwe wangu, siku ile uliponisema, walikuwepo akina nani?"

"Shemeji. Na majirani wawili."

"Hayo uliyoniambia mimi, waambie na wao."

Shemeji alikuwa ameshasikia, kisu kimesimama hewani. Majirani niliwafuata nyumbani kwao. Wa kwanza alikuwa anaosha vyombo. Nilisimama mlangoni kwake kama mtu anayeomba chumvi, nikamweleza kwamba mke wangu nilikuwa nikimlisha mafuta mimi, kila siku, kwa mikono yangu, na mama mkwe nilimsingizia. Akafuta mikono taratibu ili asikie vizuri. Wa pili aliita na dada yake naye aje asikilize. Nikarudia tangu mwanzo.

Aprili 23

Mama mkwe amekuja hospitali. Nimewaacha wawili. Hakimu ameniletea chai kwenye benchi, na sukari ameshaikoroga.

Aprili 29

Tumemrudisha nyumbani. Daktari anataka tuendelee na chakula chepesi kwa muda, mwili uzoee kuishi bila kifuko. Nilimwuliza kuhusu kila kitu, ufuta, mbegu za maboga, parachichi, mpaka akachoka na mimi. Hakimu amekaa pembeni anaandika.

Mei 6

Kuku wa kuchemsha. Bado anachukiza. Kinu nimempa mwenye genge bure.

Mei 12

Mvua zinapungua. Mama mkwe bado yuko, na ana samli yake mpya. Harufu ileile asubuhi kwenye korido. Kila nikipita naona aibu upya.

Mei 18

Watu wameanza kuniita kazini. Nimewaambia wasubiri.

Mchana nimepeleka sahani chumbani kwa mgonjwa: kuku, karoti, wali mkavu. Mama mkwe akaipokea kwa mikono miwili. "Ahsante, mkwe wangu," akasema, kwa heshima yake yote. Kisha akachota kijiko kimoja, akaonja. Akakizungusha mdomoni polepole, anatafuta mafuta. Mke wangu akatazama dirishani. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, kitambaa cha jikoni begani, mtu mzima katika nyumba yangu, nasubiri. Alipomeza ndipo akamgeukia mwanawe. "Kula, mama."

Hufanya hivyo kila sahani, asubuhi, mchana na jioni, na mimi husimama pale pale mpaka ameze.